KUBANDIKA VIPANDE VYA MATUMBAWE HAI JUU YA MAWE

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Karatasi mliyo nayo mkononi ina maneno haya haya nitakayoyasema. Basi fuateni kwa kidole, pole pole. Nikienda mbio kuliko kidole chenu, msifadhaike. Mwalimu wenu atayasoma tena redio ikisha kufungwa.

Mwalimu na aandike neno moja ubaoni: matumbawe. Ma-tu-mba-we. Likiwa moja ni tumbawe. Ndugu zetu wa pwani walijua neno hili tangu utoto wao. Nyumba za kale za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na magofu ya Kilwa Kisiwani ni mawe hayo hayo. Hata chokaa iliyoshika mawe hayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya kuni. Kwa hiyo mtu wa pwani akiulizwa tumbawe ni kitu gani, hujibu upesi: ni jiwe. Na ninyi wa bara ambao hamjafika baharini, labda mmeliona mezani kwa mtu, jeupe, lina vitundu vingi kama sega la nyuki.

Jibu hilo ni nusu ya kweli. Jiwe ni nyumba. Mwenye nyumba ni mnyama.

Mnyama huyu ni mdogo sana. Katika aina nyingi hafiki ukubwa wa punje ya mchele. Ana mdomo mmoja tu, na kuuzunguka mdomo ana vidole laini vya kukamatia chakula. Wataalamu humwita polipi. Huvuta madini ya chokaa yaliyoyeyuka katika maji ya bahari, akajijengea kikombe kigumu chini yake. Jirani yake hufanya vivyo hivyo, na jirani wa jirani, maelfu kwa maelfu, na ngozi moja nyembamba huwaunganisha wote. Ndani ya ngozi hiyo huishi mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo hupika chakula kwa mwanga wa jua, kama majani ya mhindi yafanyavyo shambani, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mwenyeji wake. Ndiyo sababu matumbawe yanayojenga miamba hupenda maji maangavu yasiyo na kina kirefu, mahali ambapo jua hupenya.

Leo nataka kuwaelezeni namna ya kukata kipande cha tumbawe lililo hai na kukibandika juu ya jiwe jingine, kikaota. Kazi hii ilifundishwa sana na watu wanaofuga viumbe vya bahari ndani ya matangi ya kioo. Siku hizi inafanywa pia chini ya bahari, hata katika pwani yetu. Nitaanza na tangi, maana ndani ya tangi mtu huona kila jambo linavyokwenda. Kisha tutashuka baharini.

Kufuga samaki katika kioo si jambo jipya. Lakini matumbawe yaliwashinda watu kwa muda mrefu, waliyaweka, yakafa. Mwaka 1961 Bwana Lee Chin Eng wa mji wa Jakarta, nchini Indonesia, aliandika katika gazeti la Marekani la wafugaji wa samaki jinsi alivyofaulu. Hakuwa na mitambo mikubwa. Alitia maji ya bahari, akaweka mawe ya baharini pamoja na viumbe vyote vidogo vilivyokaa juu yake na ndani yake, akapata mwanga wa jua, na akapitisha mapovu ya hewa. Viumbe wale wadogo ndio waliosafisha maji. Mawe ya namna hiyo wafugaji huyaita mawe hai, na mpaka leo ndiyo msingi wa matangi mengi Ulaya, Marekani na Japani.

Kabla sijaendelea, nisikilizeni vizuri. Mtu asitoke darasani akaenda ufukoni kuvunja matumbawe ili ajaribu somo hili. Matumbawe yote magumu yamo katika mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, na sheria za Kenya na za Tanzania hazimruhusu mtu kujichukulia matumbawe hai bila kibali. Tena haifai hata bila sheria. Faida ya kukata vipande ndani ya tangi ni hiyo: tumbawe moja mama laweza kutoa vipande kumi, na mfugaji akampa jirani yake, na jirani akampa mwenzake, bila ya mtu yeyote kugusa mwamba wa baharini.

Haya, twende kwenye kazi yenyewe. Wengi hudhani kwamba kazi yote ni ya gundi. Ukipata gundi kali, umemaliza. Sivyo. Gundi haishiki tumbawe milele. Tumbawe hujishika lenyewe.

Fikirini mtu anayesimamisha nguzo ya nyumba. Mmoja huishika nguzo wima, mwingine hujaza mawe na udongo shimoni na kushindilia. Yule aliyeshika hana nguvu ya kuibeba nyumba. Kazi yake ni kuzuia nguzo isitikisike mpaka udongo ushike. Udongo ukisha kushika, aweza kwenda zake. Gundi ni yule mtu aliyeshika nguzo. Kipande cha tumbawe kikikaa kimya mahali pamoja, ngozi yake ya chini hutambaa juu ya jiwe, na chini ya ngozi hiyo hujenga chokaa mpya, mpaka jiwe na kipande vinakuwa kitu kimoja. Lakini kikitikisika kila siku, hata kidogo tu, ngozi changa huchubuka, huanza upya, huchubuka tena, na mwisho kipande hufa.

Ndivyo ilivyo baharini pia. Dhoruba ikivunja tawi la tumbawe, tawi likanasa katika ufa wa mwamba, huota. Likiangukia mchanga na kuviringishwa na mawimbi, haliponi. Tawi ni lile lile, na mama yao ni mmoja.

Sasa vyombo. Tunataka koleo kali la kukatia nyaya, bakuli mbili za plastiki, brashi ndogo ngumu, glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, na gundi. Maji ya bakuli hizo yatoke ndani ya tangi lile lile. Maji ya mfereji au ya kisima hayafai kabisa; maji baridi yasiyo na chumvi huua tumbawe.

Hapo kwenye glavu na miwani sifanyi mzaha, na nitakaa kidogo. Wako jamaa za matumbawe wasiojenga jiwe. Wanafanana na vifungo vya shati vilivyobandikwa kwa wingi juu ya mwamba, wenye rangi nzuri za kijani, machungwa na zambarau. Baadhi yao wana sumu iitwayo palitoksini, na sumu hiyo ni miongoni mwa sumu kali kabisa zinazojulikana katika viumbe. Mtu akiwakata, maji yao yaweza kumrukia machoni au kuingia katika kidonda mkononi. Akiwasugua nje ya maji, au akiwamwagia maji ya moto ili wafe, sumu yaweza kupanda hewani na kuvutwa na kila mtu aliyemo nyumbani. Mwezi Machi mwaka 2018, katika kijiji cha Steventon nchini Uingereza, mtu mmoja alikuwa akisafisha tangi lake nyumbani. Watu 10 walipelekwa hospitali, na 4 kati yao ni wazima moto waliokuja kusaidia. Kwa hiyo mtu anayejifunza asianze na viumbe hao. Aanze na matumbawe magumu ya matawi. Na hata kwa hayo, avae miwani, afunike vidonda, asivute maji ya tangi kwa mdomo kupitia mpira, na jiwe lolote lililotoka tangini asilichemshe jikoni.

Kukata ni jambo jepesi. Chagueni tawi zima lenye afya, lenye urefu wa sentimita 3 hadi 5, yaani karibu na kidole gumba. Likateni kwa pigo moja. Msilipinde kwa mikono, kwa sababu litapasuka mahali msipotaka. Tumbawe likikatwa hutoa ute mwingi. Ndiyo namna yake ya kujikinga. Liacheni katika bakuli ya kwanza, mlitikise kidogo ute utoke, kisha mlihamishie bakuli ya pili. Maji yenye ute msiyarudishe tangini. Wafugaji wengi huongeza matone ya dawa ya iodini katika bakuli ya pili na kukiacha kipande humo dakika chache, kama vile sisi tunavyopaka dawa kidonda kilicho wazi.

Gundi yetu ni ile inayouzwa katika vichupa vidogo madukani, ambayo watu huiita supaglu. Wengi mmeitumia kubandika viatu na vikombe. Mwaka 1942 Bwana Harry Coover, mtaalamu wa kemia wa Marekani, alikuwa akitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vioo vya kulengea bunduki. Akapata kitu kinachonata kila mahali, akakiweka kando kwa kuwa kilimsumbua. Gundi hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1958. Sasa angalieni ajabu yake. Gundi nyingine nyingi hukauka maji yanapotoka. Hii hukauka maji yanapoingia. Unyevu ndio unaoifanya iwe ngumu. Kwa hiyo kiumbe chenye majimaji, ambacho gundi nyingine ingekishindwa, hii hukikamata upesi. Lakini nunueni ile iliyo nzito kama uji, msinunue ile inayotiririka kama maji. Inayotiririka itakimbilia nyama ya tumbawe, na kwenye vidole vyenu pia.

Njia ya kwanza ni kubandika nje ya tangi, juu ya kijiwe kidogo au kisahani cha saruji au cha udongo uliochomwa. Hii ndiyo ninayowapendekezea wanaoanza. Kaucheni kijiwe kwa kitambaa safi. Kitoeni kipande majini, mkikung'ute, mfute mahali palipokatwa tu, pale ambapo mfupa mweupe unaonekana. Msiguse nyama. Mtu aweza kuona huruma kukitoa kiumbe cha bahari majini, lakini kumbukeni maji ya bamvua: bahari ikitoka sana, vichwa vya matumbawe mengi ya pwani yetu hubaki juani na upeponi kwa muda, na maji yakijaa yanaendelea kuishi. Dakika mbili tatu hazitakidhuru kipande chenu.

Wekeni tone la gundi juu ya kijiwe, kubwa kama punje ya hindi. Simamisheni kipande katikati yake, mkandamize, mhesabu pole pole mpaka 20. Kisha kitumbukizeni chote katika bakuli ya maji ya tangi. Gundi itageuka nyeupe papo hapo na kuwa ngumu. Kwa njia hii kazi ya kipande kimoja haifiki dakika tatu.

Njia ya pili ni kubandika ndani ya tangi, juu ya mwamba mkubwa usioweza kutolewa. Hapa ndipo wengi hushindwa, na sababu yake mmekwisha kuisikia bila kujua: maji huifanya gundi kuwa ngumu. Mtu hutia gundi chini ya kipande, akashuka nacho majini, na kabla hajafika mwambani gundi imekwisha kuota ngozi kavu kwa nje, kama utandu juu ya maziwa. Akikigusisha mwambani, ni ngozi kavu inayogusa jiwe. Kipande hukaa hapo kwa adabu mpaka mtu anapokiachia, kisha huanguka.

Dawa yake ni mbili. Kwanza, mahali pa kubandika pasafishwe mapema kwa brashi, pasiwe na mwani wala utelezi, na pachaguliwe mahali penye kikwaruzo au kishimo, si mahali laini. Pili, kipande kikisha kugusa mwamba, kikandamizwe na kuzungushwa kidogo, robo ya mzunguko, kulia na kushoto, ili ile ngozi kavu ipasuke na gundi mbichi ya ndani iguse jiwe. Kisha mkono utulie. Mahali hapo zimeni pampu kwanza, maji yatulie, na mkimaliza ziwasheni tena. Nasema ziwasheni tena kwa sababu mtu akifurahia kazi yake husahau, na samaki ndio wanaolipa.

Kwa kipande kizito gundi peke yake haitoshi. Ipo gundi nyingine inayouzwa kama vijiti viwili vya udongo wenye rangi mbalimbali, iitwayo epoksi. Hukandwa pamoja kama donge la chapati mpaka isionekane michirizi ya rangi mbili. Hiyo hujaza mashimo na kubeba uzito, lakini yenyewe hainati vizuri juu ya kitu kilicholowa. Supaglu hunata lakini haijazi shimo. Basi fundi huziunganisha: supaglu juu ya mwamba, donge la epoksi katikati, supaglu tena, halafu kipande. Moja hushika, nyingine hubeba. Epoksi isitiwe nyingi kwa siku moja, maana huchafua maji na kuleta povu.

Wapo wasiokubali gundi ya aina yoyote. Matumbawe laini, yale yasiyo na mfupa mgumu, yana ute mwingi mno. Ukiyagundisha leo, kesho yamejivua kwenye gundi yakaondoka na maji. Haya hayabandikwi, hufungwa. Kipande huwekwa juu ya kijiwe na kuzungushiwa mpira mwembamba au uzi wa mshipi, bila kukaza sana, maana uzi ukikazwa hukata nyama. Au huwekwa katika bakuli yenye changarawe za matumbawe, juu yake pakatandazwa kipande cha wavu, pasipo na mkondo mkali. Baada ya wiki moja au mbili kimejishika chenyewe kwenye changarawe, na hapo changarawe ndiyo inayogundishwa mwambani.

Na lipo moja la kuachwa kabisa. Ni tumbawe la duara, bapa, lenye mistari mingi inayotoka katikati kama upande wa chini wa uyoga. Wavuvi na wapiga mbizi wanalijua. Likiwa changa hushika mwamba, lakini likikomaa huachana nao, likaishi huru juu ya mchanga au kifusi, na aina nyingine zaweza hata kusogea pole pole. Mtu akiligundisha mwambani amelifunga kamba mnyama asiyehitaji kufungwa.

Mwalimu asimamishe hapa kidogo, darasa lipumue. Kisha kila mtu aandike maneno haya matano: tumbawe, ute, gundi, mwamba, mkondo.

Tuendelee. Kipande kimebandikwa. Kiwekwe wapi? Kisiwekwe mara moja juu kabisa penye mwanga mkali, hata kama mama yake alikaa hapo. Kidonda na jua kali haviendi pamoja. Kikae kwanza chini kidogo, kisha kipandishwe siku kwa siku. Mkondo wa maji uwe wa kukipapasa kutoka pande mbalimbali, usiwe wa kukipiga upande mmoja. Joto la maji liwe kati ya digrii 24 na 26, na chumvi kiasi cha gramu 35 katika lita moja, kama bahari ya kawaida. Wala kisikaribiane na majirani. Matumbawe hupigania nafasi. Mengine hutoa mikia mirefu yenye sumu wakati wa usiku na kumchoma aliye karibu. Acheni nafasi ya shibiri moja hivi. Konokono na kaa nao wachungwe, maana wakipita husukuma kila kilicholegea.

Kisha msikiguse. Najua hamu ilivyo: mtu akibandika kitu hutaka kukitikisa aone kama kimeshika. Kufanya hivyo ni kumnyang'anya mshika nguzo nguzo yake. Tazameni kwa macho. Baada ya siku chache vidole vya polipi hutokeza tena. Katika aina zinazoota upesi, baada ya wiki mbili hadi nne mtaona ngozi nyembamba inamwagika kutoka mguuni mwa kipande na kuenea juu ya gundi, na kupita gundi mpaka juu ya jiwe. Ukingo wa ngozi hiyo mara nyingi ni mweupe.

Weupe huo usiwatishe, lakini jifunzeni kuutofautisha na weupe mwingine. Ukingo mweupe unaosonga mbele, mwembamba kama uzi, ni chokaa mpya. Ni tumbawe linajenga. Lakini nyama ikichunika kuanzia chini na kupanda juu, ikaacha mfupa mtupu nyuma yake, hicho ni kifo kinapanda. Hapo kateni upesi sehemu ya juu iliyo nzima, mbali na mahali palipooza, mkaibandike upya kwingine. Huenda ikapona.

Gundi yenyewe huzeeka. Baada ya miezi kadhaa hukauka sana na kuvunjika vunjika. Lakini kufikia hapo nguzo imekwisha kushindiliwa.

Haya ndiyo ya tangini. Sasa tushuke baharini, na njia yetu itapitia Florida, nchini Marekani. Huko katika visiwa vya Florida Keys alikuwako mtaalamu aitwaye David Vaughan, katika maabara ya Mote. Alikuwa na tumbawe lenye matawi mapana ndani ya tangi. Siku moja alipokuwa akilihamisha, alikuta limeshika sakafu ya tangi. Akalivuta, likavunjika, na polipi wachache wakabaki wamenata chini. Akawahesabu kuwa wamekufa. Baada ya wiki chache akatazama tena: walikuwa wameongezeka na kuenea kwa mwendo ambao hakuwahi kuuona. Kidonda ndicho kilichowaamsha. Tumbawe lililochubuliwa hukimbilia kufunika mahali palipo wazi. Tangu hapo yeye na wenzake walianza kukata vipande vidogo vidogo kama ukucha, hata vya matumbawe makubwa ya duara yanayoota pole pole kuliko yote, na kuvibandika karibu karibu. Vipande vilivyotoka kwa mama mmoja vikikutana havipigani. Hutambuana, huungana ngozi, na kuwa tumbawe moja. Kisha vinapelekwa baharini na kubandikwa juu ya fuvu la tumbawe kubwa lililokufa, hata lile fuvu likavaa ngozi tena.

Hapa kwetu, katika Kisiwa cha Wasini, kusini mwa pwani ya Kenya, wanakijiji wamekuwa wakipanda matumbawe pamoja na wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya. Baharini mambo huwa mazito kuliko tangini. Mawimbi ni makubwa, na chupa ndogo ya supaglu haifiki mbali. Mahali pengi duniani wapandaji hutumia saruji, kamba, waya na misumari. Lakini kanuni ni ile ile ya tangini: kipande kikae kimya mpaka kijishike.

Kanuni hiyo inaeleza pia hasara moja kubwa. Uvuvi wa baruti uliisumbua pwani ya Tanzania kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1960. Watu walitazama samaki waliokufa wakidhani hasara imeishia hapo. Lakini baruti huacha mwamba umekuwa kifusi. Vijitoto vya matumbawe hufika hapo vikielea na maji, hutua juu ya kifusi na kuanza kujenga. Wimbi huja, kifusi huviringika, navyo husagwa. Mwaka unaofuata ni hivyo hivyo. Ndiyo maana mahali palipopigwa baruti paweza kubaki jangwa miaka mingi, ingawa maji ni safi na baruti haipigwi tena. Samaki hawana pa kujificha wala pa kuzalia, na wimbi lililokuwa likivunjika mwambani huja kuvunjikia ufukoni. Anayebandika vipande mahali kama hapo sharti kwanza akifunge kifusi, au aweke mawe makubwa yasiyoviringika. Akipanda juu ya kifusi kilicholegea amepanda juu ya magurudumu.

Liko jambo moja ambalo gundi wala saruji haiwezi. Mwaka 1998 bahari yetu ya Hindi ilipata joto kupita kiasi. Matumbawe yakifikiwa na joto kubwa kwa muda mrefu huitoa ile mimea iliyo ndani ya ngozi yake, yakabaki meupe na yenye njaa. Joto lisipopungua mapema, hufa. Mwaka ule yalikufa mengi mno katika pwani za Kenya na Tanzania. Joto lilirudi mwaka 2016, na tena mwaka 2024. Kipande kilichobandikwa vizuri sana hufa kwa joto hilo sawasawa na kile kilichojiotea. Kwa hiyo mimi sikubaliani na wale wanaosema kwamba tukipanda vya kutosha basi tumemaliza kazi. Kupanda kunasaidia mahali palipovunjwa na nanga au baruti, na kunasaidia zaidi pale wavuvi wa kijiji walipokubaliana kupaacha papumzike. Maji yenyewe yakiwa moto, kwanza tutafute matumbawe yaliyobaki na rangi yake wakati majirani wote walipokuwa weupe. Wapandaji wengi sasa huyatia alama haya, na joto likipita huyarudia na koleo zao, kuchukua vipande vya kupanda.

Ndugu wasikilizaji, saa yetu imekwisha. Walio karibu na bahari, bamvua ijayo maji yakitoka, simameni ukingoni mwa mwamba bila kukanyaga matumbawe, mtafute tawi lililonasa katika ufa. Tazameni mguuni pake kama kuna ule ukingo mweupe. Walio bara, someni tena maneno matano mliyoyaandika, na kila mmoja atunge sentensi moja kwa kila neno. Kwaherini.